Baiskeli ya Milimani: Tazama Kabla ya Kulipa

Oktoba ndio mwezi ambao wakulima wengi wa chai walio chini ya KTDA huipata bonasi yao, na mtu mwenye fedha mkononi hutamani vitu vingi. Kimojawapo ni baiskeli ya milimani, ile yenye matairi manene na gia nyingi, ya kujifurahisha siku ya mapumziko na ya kwendea sokoni. Si tamaa mbaya. Lakini haifai fedha iliyotoka katika majani ya chai ipotee kwa ajili ya rangi inayong'aa.

Wazee wetu walitumia baiskeli nyeusi iitwayo Black Mamba. Ni imara, tena huchukua magunia, lakini ni nzito na haina gia. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo kilimani mwenyewe hushuka akaisukuma. Baiskeli ya milimani ilianza huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipokuwa wakiteremka mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu. Imekusudiwa nchi ya vilima kama yetu ya Kericho na Bomet.

Basi mnunuzi atazame nini?

Kwanza, breki. Miteremko yetu ni mikali na mvua ni nyingi. Rimu ya chuma ikilowa, raba za breki huteleza juu yake. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi. Breki za waya zibanazo rimu zatosha, nazo raba zake hubadilishwa na fundi yeyote.

Pili, gia. Usihesabu wingi wa gia, hesabu meno. Gia ndogo ya mbele yenye meno 24 ikienda pamoja na ya nyuma yenye meno 28, gurudumu halitimizi hata mzunguko mmoja kwa kila mzunguko wa pedali. Hiyo ndiyo itakayokupandisha kutoka mtoni bila kushuka.

Tatu, springi. Wengi hudhani kwamba baiskeli yenye springi mbele na nyuma ndiyo bora. Kwa bei ya chini sivyo: springi hafifu huongeza uzito, hulegea upesi, na zile za nyuma humeza nguvu za miguu. Mwendo wa kujifurahisha hauzihitaji.

Nne, kimo. Simama ukiipanua miguu juu ya fremu, nyayo zote mbili zikikanyaga chini. Pasipo nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati yako na bomba la juu, baiskeli hiyo ni kubwa mno kwako.

Baiskeli ya mtumba yaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei ileile, lakini ichunguzwe. Tazama maungio ya fremu, hasa karibu na usukani, usije ukanunua ufa uliofunikwa kwa rangi. Inua gurudumu, ulizungushe, uone kama linayumba. Shika mikono ya pedali uitikise. Ikicheza, kuna gharama inayokungoja. Kisha uliza kama tyubu na tairi za kipimo chake zapatikana Litein au Bomet mjini. Afadhali umpe fundi wako ujira mdogo aitazame, kuliko kumsadiki fundi wa muuzaji.

Mwisho, usitumie fedha zote kununua baiskeli. Weka akiba ya kofia ngumu, pampu na kufuli. Tahadhari kabla ya hatari. Siku utakapokuwa ukiteremka kwenye utelezi na lori la chai linapanda, si rangi itakayokusimamisha, bali breki.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuitunza cheni wakati wa mvua.