Daktari Aliyewauliza Wanawake Wenyewe

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, katika karne ya 19 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani, karibu wote wanaume, waliandika kwa kujiamini kwamba mwanamke mwenye heshima zake hana hamu ya tendo la ndoa. Hawakuwa wamemwuliza.

Clelia Mosher aliwauliza. Mmarekani huyo, aliyezaliwa mwaka 1863, alianza kazi hiyo mwaka 1892 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika jimbo la Wisconsin, hata kabla hajasomea udaktari. Aliwapa wanawake walioolewa karatasi ya maswali. Je, unapata hamu? Huwa unaridhika? Ni mara ngapi kwa mwezi? Unazuiaje mimba? Aliendelea kukusanya majibu hadi mwaka 1920.

Kati ya wanawake 45 waliojibu, 35 walisema wana hamu yao wenyewe, si ya kungojea mume. Wengi walikuwa wakifikia kilele, na wengi walikuwa na mbinu zao za kupanga uzazi. Ni kweli 45 ni wachache mno, tena wengi wao walikuwa wasomi. Lakini angalau walisema wenyewe.

Mosher alihitimu udaktari katika chuo cha Johns Hopkins mwaka 1900, kisha akafundisha Stanford. Sifa alizipata kwa jambo jingine, yaani hedhi. Enzi hizo ilidhaniwa kwamba mwanamke ni mgonjwa kila mwezi na hivyo hayawezi masomo mazito. Yeye aliwafuatilia wanawake zaidi ya 2,000, akaonyesha kwamba mavazi ya kubana kiuno, ukosefu wa mazoezi na kule kutishwa tangu utotoni ndivyo vilivyozidisha maumivu.

Na yale majibu 45? Hakuyachapisha. Alifariki mwaka 1940, na karatasi hizo zikakaa Stanford hadi mwanahistoria Carl Degler alipozikuta mwaka 1973.

Huenda ukauliza, msomaji, haya yanakuhusu nini. Katika kliniki yangu huja akina mama wanaolalamikia "tumbo". Wametibiwa minyoo na vidonda vya tumbo huku na huko. Ukiwauliza taratibu, ndipo baadhi yao husema kwamba wanaumia wakati wa tendo la ndoa, na si tangu jana. Maumivu hayo huweza kutokana na maambukizi katika nyumba ya uzazi, uvimbe, ukavu baada ya hedhi kukoma, hata hofu. Mengi ya hayo yanatibika, lakini hakuna kipimo cha maabara kitakachoyataja kabla hujayataja wewe.

Kwa hivyo usingoje kuulizwa. Liseme jambo hilo mwanzoni, kabla daktari hajaanza kuandika dawa. Na iwapo mumeo amekusindikiza nawe unaona haya, mwombe daktari amtoe nje kwa dakika chache. Hilo si utovu wa adabu. Ni haki yako.