Kikulacho Ki Bodini Mwako

Nimechoka kuambiwa kwamba usalama wa simu ni suala la tabia njema. Usimpe mtu PIN. Usibonyeze linki usiyoijua. Usiongee na anayejifanya wa kampuni. Matangazo ni yale yale kwa SMS na kwa redio, na chini yake kuna hukumu moja: ukiibiwa, ni ujinga wako. Nyanya wa Asumbi akikuta salio limeyeyuka, wajanja wa Nairobi wanasema, "Si tuliwaambia?"

Mliwaambia nusu. Mliwafundisha kufunga dirisha, mkanyamaza kuhusu msingi wa nyumba. PIN ni namba tu. Inapokelewa na kioo, bodi na chipu. Kama kifaa chenyewe kina doa, siri yako unamkabidhi mwizi huku ukidhani unaifunga.

Mfano upo. Agosti 2020, kampuni ya usalama ya Upstream pamoja na BuzzFeed News walionyesha kwamba simu za Tecno W2, za bei ya chini, zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikuwa na virusi vya Triada na xHelper tangu zikiwa mpya kwenye boksi. Vilikuwa vikimsajili mwenye simu kwa huduma za kulipia bila yeye kujua, kredo ikiliwa polepole. Na xHelper ina sifa moja mbaya: hata ukifuta kila kitu na kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani, inarudi. Transsion, wanaotengeneza Tecno, walisema kasoro ile iliingizwa na mmoja wa wanaowauzia vifaa njiani, na kwamba wametoa marekebisho. Sawa. Lakini hebu niambie, mnunuzi alikosea wapi? Ni tabia gani njema ingemwokoa?

Na sisi Wakenya hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hili. Mwaka 2014, Equity walitaka kuleta laini ya utando, plastiki ya unene wa milimita 0.1 inayobandikwa juu ya laini ya kawaida. Safaricom wakapinga vikali. Hoja yao ilikuwa kwamba utando ule unakaa katikati ya simu na laini, na kila wanachoambiana lazima kipitie kwake, hata PIN ya M-Pesa. Equity wakakana. Mamlaka ya Mawasiliano ikaruhusu majaribio ya mwaka mmoja. Sitaki kufufua kesi ile. Nataka tukumbuke swali lililoulizwa pesa za wakubwa zilipoguswa: hiki kifaa kimetengenezwa na nani, kinakaa wapi, kinasikia nini? Hakuna aliyewaambia Safaricom waende wakawe waangalifu na linki.

Pesa za wadogo zikiguswa, tunarudi kwa mahubiri.

Na serikali? Yenyewe inapenda kuhesabu. Mwisho wa Septemba 2012, simu zaidi ya milioni moja zilizimwa kwa kuwa bandia. Kuanzia 1 Januari 2025, anayeingiza simu nchini alitakiwa kutangaza namba zake za IMEI, ili ijulikane kama ushuru umelipwa. IMEI ni namba ya tarakimu 15. Bonyeza *#06# uione yako. Ni kama namba ya gari. Inakuambia gari ni lipi, haikuambii kama breki zinashika. Simu iliyolipiwa ushuru na yenye virusi tumboni itapita mpakani ikipigiwa saluti.

Sasa rudi Asumbi. Kuna misheni, kuna chuo cha ualimu, kuna shule ya wasichana inayojulikana nchi nzima. Lakini simu ikisumbua, kwa wengi daktari ni fundi wa sokoni, mwenye bisibisi ndogo, blowa, na mswaki wa kusafishia bodi. Huyu ndiye mnamwita mshukiwa. Ndiyo, wapo mafundi wanaobadilisha IMEI za simu za wizi, na sheria iwabane. Lakini mtu huyo huyo anaweza kupakia upya programu halali ya kiwanda. Anaweza kufuta memori kabla simu ya mkono wa pili haijauzwa ikiwa bado na picha za watoto wa mtu. Kwani nani mwingine yuko karibu? Fundi asipofundishwa mchana na chuo, atafundishwa usiku na mwizi.

Na kuna kufuli moja ambayo tayari tunayo. Laini ni chipu, na ina PIN yake, tofauti na ya simu na ya M-Pesa. Ukiiwasha, laini ikihamishiwa simu nyingine inadai namba. Ukikosea mara tatu inajifunga mpaka uwe na PUK. Bila hiyo, mwizi anachomoa laini yako, anaitia kwenye mulika mwizi yake, na meseji za kuthibitisha akaunti zako zinamwangukia yeye. Wewe unayesoma hapa, umeiwasha? Na aliyekuuzia laini, alikutajia?

Basi madai yangu ni haya. Mamlaka ipime programu za simu za bei ya chini kabla hazijafika sokoni, na itangaze hadharani aina zilizoanguka mtihani. Vyuo vya ufundi vya kaunti viwape mafundi mafunzo ya usalama na cheti cha kutundika ukutani. Na kila duka linalouza laini limwonyeshe mteja PIN ya laini kabla hajaondoka, kwa Kidholuo akitaka.

Mpaka hapo, wacheni kumhubiria nyanya. Yeye alifunga mlango aliouona. Nyinyi mliomuuzia nyumba ndio mnajua ina milango mingapi.