Mafuriko au maporomoko? Neno moja kwenye habari lina uzito wake

Alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Vyombo vingine vya habari viliandika "mafuriko", vingine "maporomoko ya tope". Je, kuna tofauti?

Ipo, tena kubwa. Mafuriko ni maji kujaa na kufunika eneo. Maporomoko ni ardhi kumeguka. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka na kuwa tope. Sasa anayeishi chini ya mlima akisikia "mafuriko" tu, ataangalia mto na kuusahau mlima.

Hata herufi moja ina kazi. "Walimwokoa mtoto" ni habari ya uhai. "Walimwokota mtoto" inamwacha mama aliye mbali bila kujua kama mwanawe anapumua.

Tuangalie pia hesabu za watu. Majeruhi ni walioumia. Waathirika ni wote waliopatwa na madhara, hata aliyepoteza nyumba au mifugo tu. Mwandishi akichanganya maneno hayo, namba inavimba au inapungua, na misaada hupangwa kwa namba.

Kosa jingine ni la saa. Habari ikitafsiriwa kutoka Kiingereza, saa 5 ya asubuhi ya Kizungu ni saa 11 alfajiri kwetu. Asiyegeuza anakosea kwa saa 6. Kwenye tahadhari ya mvua kubwa, saa 6 zinatosha kukukuta usingizini.

Huku kwetu Bashay jambo hili lina uzito zaidi. Nyumba nyingi kijana husoma habari kwenye simu, kisha humsimulia bibi au babu kwa Kiiraqw au Kidatooga. Neno likikosewa mwanzoni, linafika kwa mzee likiwa limepotoka zaidi.

Kwa hiyo habari ya hatari ikikufikia, jiulize: ni kitu gani hasa kimetokea? Ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu? Wametajwa waliofariki, majeruhi au waathirika? Usipopata jibu, muulize mtendaji wa kijiji kabla hujaisambaza. Nasi watangazaji tunapaswa kujiuliza hayo hayo kabla ya kuwasha kipaza sauti.