Tufundishe Kusikiliza Kabla ya Kufungua: Giaboksi Otomatiki katika Somo la Sauti

Ndugu walimu wanachuo, somo la sauti katika shule zetu za msingi limezoeleka kufundishwa kwa namna moja. Mwalimu huandika ubaoni kwamba sauti hutokana na mtetemo, wanafunzi hunakili, na juma linalofuata huulizwa sauti hutokana na nini. Wanajibu sawasawa, wanapata alama, na jambo linakwisha. Kwa maoni yetu, somo la namna hiyo limefundisha mkono kuandika, wala halikufundisha sikio kusikia. Twapendekeza njia nyingine: mwalimu achukue sauti yenye shida ndani yake, tena shida inayowagusa wazazi wa watoto, awaongoze wanafunzi kuitafutia chanzo. Sauti tuliyoichagua ni ile ngeni itokayo katika giaboksi otomatiki ya gari.

Huenda wengine wakashangaa. Giaboksi ina uhusiano gani na mtoto wa darasa la tano au la sita pale Mwera, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani? Uhusiano upo. Magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani yameenea katika nchi yetu, na mengi yao hayana klachi ya kukanyagwa. Yanabadilisha gia yenyewe. Ndiyo yanayopeleka mgonjwa hospitalini na samaki sokoni. Gari la namna hiyo linapoanza kuvuma vibaya, mara nyingi hukumu hutolewa upesi: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Mwenye gari huuza alichonacho, giaboksi hufungwa, na pengine mvumo hubaki palepale, maana kosa lilikuwa katika beringi ya gurudumu. Hapo si chuma kilichoharibika bali ni fikira iliyorukwa. Kazi ya kuziba pengo hilo la fikira ni yetu sisi walimu.

Wala tusidhani kwamba tunaleta elimu ngeni. Mtoto wa pwani hutikisa nazi karibu na sikio ajue kama ina maji kabla hajaipasua. Katika mashamba ya mkonge, mtambo wa korona unasikika kutoka mbali, na aliyeuzoea huutambua unapobadili sauti. Hata mkonge wenyewe ulifika kwetu mwaka 1893, ulipopandwa Kikogwe karibu na Pangani kwa miche 62 iliyosalimika safarini. Na mashine zilizofuata zilihitaji watu wenye masikio mazuri. Duniani nako ni vivyo hivyo. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa, akasikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Hakumpasua mgonjwa ili amjue. Alisikiliza, kisha akafikiri.

Kabla ya kuwafundisha wengine, mwalimu hana budi kuelewa chombo chenyewe walau kwa muhtasari. Katika giaboksi ya kawaida ya otomatiki, injini haikushikamana na gia kwa klachi ya mguu. Kati yao kuna chombo cha duara kilichojaa oili. Injini huzungusha mapanga ya upande mmoja, mapanga husukuma oili, na oili huzungusha mapanga ya upande wa pili. Asili ya fikra hii ni ya Mjerumani Hermann Föttinger, aliyeipatia hataza mwaka 1905 kwa ajili ya mitambo ya meli. Na mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari ya Oldsmobile yenye giaboksi ya kubadilisha gia yenyewe. Nyuma ya chombo hicho mna pampu ya oili, seti za gia, klachi ndogondogo za sahani, na vali zinazoelekeza oili. Kuwaonyesha watoto jambo hili si kazi ngumu. Jaza ndoo maji, yakoroge kwa mwiko, weka jani juu yake. Jani litazunguka ingawa mwiko haukuligusa.

Sasa tuje kwenye njia ya kufundishia. Twashauri tuanze na baiskeli, kwa kuwa baiskeli ni rahisi kuipata. Mwalimu aigeuze juu chini, azungushe pedali, kisha aziache zisimame huku gurudumu la nyuma likiendelea kuzunguka. Awaulize wanafunzi: sauti ipi imekoma na ipi imebaki? Iliyokoma pamoja na pedali inatoka upande wa pedali na mnyororo. Iliyobaki inafuata gurudumu. Mtoto aliyelielewa hilo amekwisha kulielewa swali kuu la fundi wa magari: je, sauti hii inafuata mwendo wa injini au inafuata mwendo wa magurudumu?

Baada ya baiskeli, dereva au fundi aalikwe shuleni na gari. Hapo maswali manne yaandikwe ubaoni, na majibu yasiandikwe bado.

Swali la kwanza: je, sauti inasikika gari likiwa limesimama, mkono wa gia ukiwa kwenye P au N? Ikiwa inasikika, nayo inapanda injini inapokazwa, basi gia za kuendea na magurudumu hazihusiki kwanza. Tutazame mikanda na vitu inavyovizungusha, pampu ya oili ya giaboksi, au chombo cha mapanga. Ikibadilika usukani unapokatwa, na gari linatumia pampu ya majimaji ya usukani, pampu hiyo nayo ichunguzwe.

Swali la pili: ikiwa inasikika gari likitembea tu, je, inabadilika dereva anapokwenda kwa mwendo uleule katika gia nyingine? Isipobadilika, inafuata magurudumu: huenda ni beringi, matairi, au gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye ekseli. Ikitokea katika gia fulani tu, seti ya gia ndani ya giaboksi inashukiwa zaidi. Jaribio hili lifanywe na dereva mwenye leseni katika barabara iliyo wazi, kisha aje aeleze alichosikia.

Swali la tatu: sauti inatokea wakati wa tendo gani? Mgongo mmoja mzito mkono unapotolewa N kwenda D mara nyingi hutokana na raba zinazoshika injini na giaboksi zilizochoka, au viungio vilivyolegea. Mlio wa tak-tak wakati wa kukata kona huelekeza kwenye viungio vya ekseli za mbele. Mtikisiko gari likienda kwa mwendo wa wastani usiobadilika huweza kutokana na klachi iliyo ndani ya chombo cha mapanga. Mlio wa chuma kulegea injini ikinguruma polepole huenda ukawa sahani inayounganisha injini na chombo hicho imepasuka, au huenda ukawa bati la bomba la moshi tu.

Swali la nne: oili ikoje? Oili ikipungua, au chujio likiziba, pampu hufyonza hewa na huvuma. Ipimwe kama kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa maana magari hayalingani: mengi hupimwa injini ikiwaka na ikiwa imepata moto, mengine injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana kabisa kijiti cha kupimia. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni dalili ya klachi kuungua. Iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Na inapoongezwa, iwe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Oili ya injini si dawa ya giaboksi.

Mwalimu ataona kwamba maswali haya yana faida hata katika lugha. Mtoto asemaye "linapiga kelele" hajasema kitu. Je, linavuma, linagonga, linakwaruza, linanguruma au linalia kama filimbi? Kiswahili kinayo maneno ya kutosha, na kila neno hupunguza idadi ya washukiwa.

Zipo hoja za kutupinga, nazo yafaa zijibiwe. Ya kwanza ni hatari. Ni kweli, na kwa hiyo masharti ni haya: gari liwe mahali tambarare penye hewa, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe, mwanafunzi yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari, asiingie chini yake, wala asipeleke mkono kwenye mikanda. Watoto wasikilize wakiwa mbali. Ya pili ni kwamba mwalimu si fundi. Hatumtaki awe fundi. Twamtaka awe msimamizi wa maswali, na fundi awe shahidi. Ya tatu ni kwamba mtihani hauulizi giaboksi. Lakini mtihani huuliza mtetemo, msuguano, mwendo na uchunguzi, na yote hayo yamo humu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka elimu imjengee kijana moyo wa kudadisi. Udadisi hauwezi kunakiliwa ubaoni.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika somo hili mwanafunzi apewe alama kwa kusema, "Hatujajua bado, tumeondoa mikanda na matairi, imebaki pampu au chombo cha mapanga." Jibu hilo lina thamani kuliko la yule aliyebahatisha "pampu" akapata. Aliyebahatisha leo atabahatisha kesho kwa gari la jirani yake, na gharama ataibeba jirani. Tunapomsahihisha mtoto, basi, tusitazame neno la mwisho peke yake; tutazame hatua zilizomfikisha hapo.

Nanyi, ndugu zetu, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, jaribuni somo hili walau kwa baiskeli. Andikeni katika maandalio ya somo maswali mtakayouliza kabla ya kuandika majibu mnayoyatarajia. Kisha mkae kimya kidogo, wanafunzi wasikilize. Kimya hicho si upungufu wa ufundishaji. Ni sehemu yake.