Tusiwasingizie Wanyama

Kuna hoja moja ambayo nimeisikia katika vyumba vya walimu, vijiweni, hata harusini, na kila niisikiapo hunichefua. Ati dume ni dume: mwanamume kumfuatafuata msichana, kumziba njia, kumtukana akikataa, ni maumbile tu, kwani hata wanyama ndivyo walivyo. Wasemao hivyo hujiamini sana. Mimi huwauliza swali moja: mnyama yupi?

Mtazame mnana, yule ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi ambaye watoto humrushia mawe bila kumwangalia. Dume huchana ukanda mwembamba kutoka kwenye ukuti wa mnazi au jani la tete, akaufunga kwenye kitawi, akaendelea hadi apate pete ya kusimama ndani yake. Kutoka kwenye pete hiyo husuka chumba upande mmoja na ukumbi upande wa pili, kila ukanda ukipita juu na chini ya mwenzake kama ukili wa mkeka. Kazi ikiisha huning'inia chini ya kiota kichwa chini miguu juu, akipigapiga mabawa na kulia kwa makelele. Jike huja. Huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo, hukagua kama mkaguzi wa shule. Mara nyingi huondoka zake.

Hapo ndipo ningependa mabingwa wa maumbile wakodoe macho. Kiota kikikaa yapata juma moja bila kupendwa, majani yakageuka rangi ya udongo, dume hukifumua kwa mdomo wake mwenyewe na kuanza kingine kibichi, mara nyingi mahali palepale. Nicholas Collias na mkewe Elsie, wataalamu wa Marekani waliowachunguza ndege hawa kwa miaka mingi, walionyesha kwamba majike hupendelea kiota cha kijani kuliko kilichokauka. Walionyesha pia kwamba dume aliyenyimwa majani ya kuchezea tangu udogoni hufuma ovyo. Kumbe hata ufundi huo, pamoja na kurithiwa, unahitaji mazoezi.

Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba katika viumbe wengi jike ndiye achaguaye. Wanaume wasomi wa siku zake walikuwa tayari kukubali mapigano ya madume, lakini uchaguzi wa jike uliwashinda kumeza; hata Alfred Russel Wallace, mtu mwenye akili nyingi, aliupinga. Mwaka 1982 Malte Andersson wa Sweden alitangaza matokeo ya jaribio lake la Kinangop, Kenya. Huko yupo ndege mweusi ambaye dume lake huota mkia wa karibu nusu meta. Aliwafupisha baadhi ya madume mikia, wengine akawaongezea kwa gundi. Walioongezewa ndio waliopata majike wengi zaidi. Ubabe wao haukuwa umebadilika hata kidogo; kilichobadilika ni kile alichokiona jike.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, barua za mapenzi zilifika mezani kwangu mara kwa mara. Nyingi zilikuwa zimenakiliwa: asali, waridi, usingizi uliopotea, jina la msichana tu ndilo lililobadilika. (Nilikuwa nikisahihisha tahajia moyoni.) Hizo hazikunisumbua. Iliyonisumbua ni barua ya pili, ile ya baada ya msichana kukaa kimya. Hiyo haikunakiliwa popote. Matusi, vitisho, "utanijua mimi ni nani". Mwanachuo mmoja aliacha kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha kwa sababu mtu wa namna hiyo alikuwa akimsubiri njiani kila asubuhi. Watu wazima wa pale kijijini walisema binti ana maringo. Tulimhamishia shule nyingine. Yule bwana hakuna aliyemhamisha.

Najua nitaambiwa nimejichagulia ndege mpole. Haya, bata dume wa ziwani humlazimisha jike, tena kwa kundi, na mnana mwenyewe huoa wengi kisha huwaachia mama zao kazi kubwa ya kulisha makinda. Kwa hilo simsifu. Lakini mtu hawezi kumwita bata mahakamani kuwa shahidi wake na kumficha mnana nyuma ya mlango. Kama wanyama wamo wa kila namna, basi aliyemziba binti njia hakutumwa na maumbile. Alichagua.

Tunawafundisha mabinti zetu jinsi ya kukataa kwa upole, wasije wakamuudhi mtu. Mnana mchanga huanza kufuma viota vyake vya ovyoovyo kabla hajapata manyoya ya utu uzima. Wavulana wetu tunawafundisha hesabu, historia, kilimo, siasa. Kukataliwa hatuwafundishi, na katika mihutasari yote iliyopita mikononi mwangu sikupata kuona hata kipindi kimoja kilichotengewa jambo hilo.