Jumba la sinema haliokolewi na aliyelijenga



Mwezi uliopita binamu wa mmoja wetu, ambaye alihamishiwa Marekani, alituma picha kwenye grupu. Hakusimama mbele ya gari wala ghorofa. Alisimama mbele ya jumba la zamani la sinema lenye taa nyingi na jina kubwa: Stanley. Mji wenyewe unaitwa Utica, mji mdogo katika jimbo la New York, mbali na ile New York ya kwenye filamu. Tulicheka sana. "Umefika Marekani bado unapiga picha kibanda?" Halafu tukaanza kutafuta habari za jumba hilo kwenye simu, na tulivyozidi kusoma kicheko kikaisha. Hapa makazini kwetu pia kuna ukumbi unaokaribia kufa.

Stanley lilifunguliwa Septemba 1928, katikati ya mji, kwenye mtaa wa Genesee. Aliyechora ramani yake ni Thomas Lamb, msanifu aliyejulikana kwa majumba ya sinema. Viti vilikuwa karibu 3,000. Miaka ile filamu zenye sauti ndiyo kwanza zinaanza, nyingi bado zilikuwa kimya na muziki ulipigwa palepale ukumbini. Sisi tuliokulia kibanda umiza, tukimsikiliza VJ akitafsiri filamu kwa sauti yake, jambo hilo tunalielewa vizuri. Mtu haendi kuangalia picha peke yake. Anaenda kucheka na wenzake.

Utica ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Mwaka 1930 ulikuwa na watu zaidi ya 101,000. Baadaye viwanda vikafunga, vingine vikahamia majimbo ya kusini. Televisheni ikaingia majumbani. Wenye uwezo wakahamia nje ya mji na maduka yakawafuata. Kufika mwaka 2000 watu walibaki kama 60,000 tu. Katika hali kama hiyo, jumba la viti 3,000 katikati ya mji ni mzigo. Majumba mengi ya aina hiyo huko Marekani yalivunjwa, mahali pake pakawa pa kuegesha magari.

Stanley halikuvunjwa. Mwaka 1974 baraza la sanaa la jamii la eneo lile lililinunua. Mwaka 1976 likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya historia. Mwaka 2008 likafanyiwa ukarabati mkubwa na jukwaa likapanuliwa. Leo watu wanaingia kusikiliza muziki na kuangalia maigizo.

Hapo tunaomba msome polepole. Waliolijenga walikuwa kampuni ya majumba ya sinema, na hesabu ya kampuni ni tiketi. Tiketi zikipungua, hesabu imefungwa. Waliolitunza ni watu wa pale pale. Na hawakung'ang'ania kwamba lazima libaki sinema, walitaka libaki mahali pa watu kukutana.

Na mji wenyewe ulipona kwa njia hiyo hiyo. Tangu 1979 Utica una kituo cha kupokea wakimbizi. Wamefika watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, Wabosnia kwa maelfu, Wasomali Wabantu waliotoka kambi za Kenya, na watu wa Burma. Nyumba zilizoachwa tupu wakazinunua kwa bei ndogo na kuzikarabati. Wabosnia walichukua kanisa la zamani lililokuwa karibu kubomolewa, jirani na ofisi ya jiji, wakalifanya msikiti. Mwaka 2005 jarida la UNHCR likauita Utica mji unaowapenda wakimbizi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya 65,000. Hatusemi kule ni paradiso, umaskini bado upo. Tunasema tu kwamba waliotengeneza nyumba zile hawakuzijenga wao.

Sasa turudi kwetu.

Ukumbi wetu wa mabati wengi mnaujua. Ulijengwa na mradi. Kulikuwa na projekta, sola na mabenchi. Jumamosi kwanza tulionyeshwa filamu ya kunawa mikono, halafu ndiyo filamu yenyewe. Mradi ukaisha, projekta ikarudi ofisini, mlango ukafungwa kwa kufuli. Sasa tunasikia ukumbi utafanywa stoo.

Tungeweza kulaumu shirika tukamaliza hapo. Lakini tuseme ukweli wote. Nyaya za sola hazikung'olewa na shirika. Na mabenchi mawili yako nyumbani kwa watu wa grupu hii, tumeyakalia hata wakati wa kuandika makala haya. Tulipoulizwa tulijibu, "Si ya shirika?" Neno hilo ndilo limeua ukumbi. Kitu kikiwa cha shirika, siku shirika likiondoka kinakuwa cha mwizi wa kwanza.

Mwingine atasema, "Mgao wa chakula umekatwa, ninyi mnaongelea sinema?" Swali ni la haki, na sisi pia tunalala na njaa kama yeye. Lakini tuangalie kilichotokea tangu mlango ufungwe. Wadogo zetu wanashinda kwenye kubeti. Habari za mgao, ambazo zamani zilitangazwa ukumbini mbele ya wote, sasa tunazipata kwa uvumi. Na kuna jambo ambalo halimo kwenye ripoti: ndani ya ukumbi ule, watu ambao nyumbani makabila yao yalipigana walikaa benchi moja, wakaogopa pamoja pale jambazi wa filamu alipotokea. Sasa kila mtu yuko bloku yake.

Wengine wanasema, "Sisi hapa ni wa kupita." Sawa. Lakini kuna waliopita hapa miaka 15 na bado wanapita. Mtoto aliyezaliwa makazini hajui kwamba anapita. Anajua tu kwamba mlango umefungwa.

Kwa hiyo vijana, turudishe tulivyochukua. Tuchague kamati yenye mtu mmoja kutoka kila bloku, wasichana wawemo, si kwa kupika chai. Kiingilio kiwe kidogo, kwa ajili ya bulbu na misumari. Siku moja iwe ya kina mama na watoto. Kama hakuna projekta, tucheze maigizo, tuimbe, tufanye mdahalo. Stanley halina aibu ya kubadilisha kazi, sisi kwa nini tuone aibu?

Nanyi wa mashirika, safari hii hatuombi projekta mpya. Tunaomba ufunguo, na karatasi inayosema nani anawajibika, ili kesho tukiharibu mjue wa kumuuliza. Kama stoo ni lazima, kile chumba cha nyuma kinatosha. Na msiandike kwamba mmetupa burudani. Andikeni kwamba mmetuachia mahali petu pa kukutana.

Mabenchi mawili yatarudi Jumamosi asubuhi. Tutayaweka nje ya mlango na kuyakalia mpaka mtu aje na ufunguo.