Mzigo Huinuliwa kwa Miguu

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliokaa pale baada ya kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Hata leo makuli hubeba magunia sokoni mchana kutwa. Jioni, vijana wengine wa mjini huenda kunyanyua vyuma kwa hiari yao. Wazazi huko shamba huuliza: Je, vyuma hivyo havitawavunja mgongo watoto wetu?

Uzito peke yake si adui. Adui ni pupa na namna mbaya ya kuinua. Mtazameni kuli mzoefu: husimama karibu na gunia, hukunja magoti na nyonga, hunyosha mgongo, kisha huinuka kwa nguvu ya miguu. Viungo vyote vyasaidiana. Kuchuchumaa na chuma mabegani, au kukiinua toka chini, ni kazi ile ile. Huimarisha misuli mingi kwa mara moja, na mifupa pia.

Tofauti ni hii: kuli hulazimika kubeba lumbesa apate chakula, bali mwenye vyuma huchagua uzito wake. Basi aanze na mwepesi, aongeze kidogo kidogo, apumzike. Akisikia maumivu makali mgongoni au ganzi mguuni, aache, amwone daktari.

Nanyi wazazi, mwana asingoje kufika mjini. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Mfundisheni kuiinua vema leo.